Mkono wa kiharusi: kofia ya elektrodi au pakiti ya karata?

Mgonjwa ameketi mbele ya skrini, kofia yenye elektrodi, yaani vinasa mawimbi ya ubongo, imembana kichwa, jeli baridi inamchuruzika nyuma ya sikio. Mkono umelala mezani kama si wake. Anaambiwa afungue kiganja. Hakifunguki. Ila kila anapojaribu, mawimbi ya ubongo juu ya eneo linaloendesha mkono hupungua nguvu; kompyuta ikiuona upungufu huo inapeleka umeme mdogo kwenye msuli wa kigasha. Vidole vinatanuka, na puto la kwenye gemu linapasuka.

Watetezi wa kifaa hiki wanategemea kukutana kwa nia na tendo: mtu ametaka, mkono umekwenda papo hapo, ubongo unapata nafasi ya kujenga njia mpya pembeni ya ile iliyokufa. Wameipima hoja yao. Huko Tübingen, Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuwa na wagonjwa 32 wa kiharusi cha muda mrefu, vidole vyao havinyooki kabisa. Kundi moja, mashine iliusogeza mkono kwa kuusikiliza ubongo. Jingine, iliusogeza ovyo tu. Wote walipewa fiziotherapia. Waliosikilizwa ndio waliopanda, kwa alama 3.4 hivi za kipimo cha mwendo wa mkono. Uswisi nako, 2018, wagonjwa 27, waliotumia umeme ulioamriwa na ubongo walipanda alama 6.6.

Lakini alama hizo ni kati ya 54 kwa Tübingen, na kati ya 66 kwa Uswisi. Kila kitendo, kama kukunja kiwiko au kubana kitu kwa vidole, hupewa 0 hadi 2, kwa hiyo mtu anaweza kupanda alama tatu na kikombe cha chai bado kikamshinda. Hata IpsiHand, kifaa cha kusogeza mkono kwa mawimbi ya ubongo kilichoruhusiwa Marekani Aprili 2021, kilipita kwa jaribio la watu 40 ambao hawakufichwa wanatumia nini. Wote walipata nafuu, sawa, lakini matumaini nayo hufanya kazi yake.

Kuhusu gemu lenyewe, mimi nina mashaka zaidi. Jaribio lililoongozwa kutoka Kanada na kuchapishwa 2016 liliwagawa wagonjwa 141: hawa gemu za Nintendo Wii, wale karata, bingo na kupanga vipande vya mbao. Vikao kumi, wiki mbili. Makundi yote yalipata nafuu, na Wii haikuishinda karata. Kumbe raha ya skrini haina dawa ya pekee; kinachohesabika ni mkono kufanya kazi tena na tena. (Bao lingefaa vilevile: kuokota kete na kuziachia moja moja shimoni ni kazi ngumu kwa vidole vilivyolegea.)

Hata hivyo wagonjwa wa karata walikuwa na mwendo kiasi mkononi. Wa Tübingen wasingeweza hata kushika karata. Hapo ndipo naona kofia ina haki yake, kwa yule ambaye fiziotherapia ya kawaida haina pa kuanzia. Mwenye kidole kinachocheza, fedha ya kofia imlipie saa zaidi za mazoezi.

Na kuna jambo ambalo kwetu halikwepeki. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na kofia hizi hazikuundwa kwa nywele za kipilipili. Mwaka 2020 watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha elektrodi zenye vibanio vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Mahali pengi bado mama aliyesuka twende kilioni ataambiwa akafumue kwanza, naye ana mkono mmoja tu wa kufumulia.