Mchi wa jikoni na dadu ya pande 4

Alhamisi usiku, kwenye baraza moja la Ngamiani hapa Tanga, mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, ule wa kuigiza wahusika wa kubuni na kuamua mambo kwa dadu, ulikwama kwa sababu ya mchi. Mhusika wa mwenzetu, mama lishe aliyegeuka mpiganaji, kavamiwa jikoni. Upanga uko mbali, mchi uko mkononi. Msimamizi, yule anayeongoza hadithi na kuamua kanuni, akakata shauri: silaha ya kuokoteza, dadu ya pande 4. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Toleo la 5, la mwaka 2014, linasema hivyo kweli. Kitu kisicho silaha huumiza kwa dadu ya pande 4, na kwa kawaida mpigaji hapati nyongeza ya ustadi, yaani namba inayojumlishwa kwenye dadu ya kuona kama pigo limempata adui. Lakini kikifanana na silaha halisi, msimamizi ana ruhusa ya kukihesabu kuwa ndiyo hiyo silaha. Mguu wa meza, kwa mfano, huwa rungu.

Wanaotaka kanuni ishikwe kama ilivyo hawakosei. Tukibishania kila kigoda, upawa na dafu, kutakucha hatujatoka jikoni. Halafu kila kitu kikiumiza sawasawa, nani atatoa dhahabu anunue shoka?

Ila tazama hesabu. Rungu la kawaida nalo ni pande 4! Kuuita mchi rungu hakuongezi maumivu hata chembe. Kinachogombewa ni ustadi. Mchi mrefu wa kutwangia mpunga, unaoshikwa kwa mikono miwili, ndio ungeweza kudai kuwa rungu kubwa: pande 8, wastani 4.5 badala ya 2.5.

Kinachonikera mimi ni hiyo nyongeza. Ni 2 katika ngazi ya kwanza, inafika 6 katika ngazi ya 17. Maana yake shujaa kadiri anavyokomaa, ndivyo anavyopoteza zaidi akishika kiti. Toleo la 3.5 lilikuwa kali, lilipunguza 4 kwenye pigo, lakini angalau kila asiye na mafunzo ya pekee alikatwa sawa.

Kwa hiyo mimi ningemuuliza mhusika kabla ya kukiuliza kitu. Aliyetwanga miaka ishirini anaujua uzito wa mchi, apewe ustadi. Watasema kuna kipaji cha kuchagua, Tavern Brawler, kinachotoa ustadi huo kwa vitu vyote, na kuugawa bure ni kumdhulumu aliyekichagua. Hoja nzito hiyo. Basi uwe wa kitu kimoja tu, kinachotokana na maisha ya mhusika.

Msimamizi alikubali nusu: ustadi ndiyo, pande 8 hapana. Mwenzetu akarusha, pigo likampata zimwi, dadu ya maumivu ikalala kwenye 1. Tukahamia kubishania mbuzi ya kukunia nazi, kisa ule ulimi wake wenye meno. Hiyo ni pande 4 na basi, bila nyongeza. Hebu jaribu kuirusha kwa mkono mmoja uone.