Usita wa Mui na Bodaboda: Nani Ampishe Mwenzake?

Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale wa Lamu ambayo ramani huiita Harambee Avenue, hutoka mtaa wa Langoni, hupita uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ukaingia mtaa wa Mkomani. Ubishi uliopo ni kama bodaboda ziruhusiwe humo.

Wanaozikataa hutaja UNESCO, iliyouingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na husema usita haujawahi kubadilika. Hapo siwaungi mkono. Ngome ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820, mawimbi yalikuwa karibu na ukuta wake. Bahari ikajazwa kidogo kidogo, majumba yakapanda mbele, na njia iliyokuwa ya pwani ikajikuta katikati ya mji. Ngome yenyewe imekuwa kambi ya askari, ikawa gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho. Mji huu umebadilika sana, na bado ni Lamu.

Hoja yao yenye nguvu ni upana. Simama usitani saa za alasiri: punda wawili waliobeba mchanga wakikutana, mmoja hungoja. Anayepita kwa miguu hujibana ukutani au huparamia kibaraza cha daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, pale wazee walipokaa. Watoto hutoka chuoni, yaani madrasa, mbio bila kuangalia kulia wala kushoto, kwa kuwa wamelelewa kwenye njia ambayo kiumbe mwenye kasi kuliko wote ni punda. Pikipiki ikijitokeza ghafla kwenye kona, mtoto huyo hana pa kukimbilia.

Lakini vijana wa boda nao wana haki ya kusikilizwa. Uvuvi haumlishi kila mtu, watalii huja kwa msimu, na pikipiki ya mkopo haingoji msimu. Kuwafukuza tu, bila kuwaonyesha pa kwenda, ni dhuluma.

Kwa maoni yangu, ndani ya usita zisiingie kabisa, isipokuwa inayombeba mgonjwa kumkimbiza hospitali. Barabara ya pwani, iliyojengwa juu ya ardhi ya kujaziwa na ambayo ni pana zaidi, iwekewe saa maalumu za kupita. Stesheni ziwe pembezoni mwa Langoni, zenye kivuli na choo, na wenye mikokoteni na punda wapokee mizigo hapo. Vijana wa boda wenyewe wakae kwenye kamati itakayochagua mahali hapo.