Basi Kuukuu Malindi: Tuokoe Injini au Bodi?

Basi kuukuu likiegeshwa nyuma ya gereji Malindi, wanaolitazama hugawanyika. Wapo wanaohesabu kilo za vyuma chakavu, na wapo wanaoona gari lililowapeleka wazee wao Mombasa enzi za feri ya Kilifi, kabla ya daraja la 1991. Mimi niko na hawa wa pili, ila hoja za wenzao si za kupuuzwa.

Nzito kuliko zote ni chumvi. Upepo wa bahari hauna simile. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya mbao za sakafu, kwenye viungo vya fremu, juu ya matairi ya nyuma ambako tope hurushwa na kuganda. Penye bati la alumini lililopigwa ribiti za chuma ni balaa zaidi. Unyevu wa chumvi ukipenya katikati, alumini huliwa ikawa unga mweupe, na fundi akigusa kwa bisibisi inazama. Litengeneze ulilaze nje, na baada ya masika kadhaa kazi imerudi palepale. Banda la kulihifadhi ni pesa, na mwenye basi ana karo za watoto. Akiliuza, nani wa kumlaumu?

Injini haiwi kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Fundi mzuri wa dizeli hubadilisha ringi, huchongesha bushi, na mashine ikanguruma. Bodi ndiyo yenye kazi.

Routemaster, mabasi ya ghorofa ya London, zilitengenezwa 2,876 kwa jumla kati ya 1954 na 1968, nyingi zao kwa ajili ya London na za muundo mmoja, kwa hiyo anayekarabati moja huweza kupata kipande kutoka kwa nyingine. Kwetu chesisi, yaani fremu yenye injini na magurudumu, ilitoka nje, lakini bodi nyingi zilijengwa na mafundi wa hapahapa Kenya, kila karakana na mkono wake, na michoro ni nadra kuipata. Chesisi ya namna ile utaipata kwingine duniani. Bodi ile haina pacha. Tena ndiyo tunayoibomoa kwanza!

Wapinzani husema ukibadilisha mabati yote, hilo si basi lilelile. Lakini Matondoni, kule Lamu, mafundi hutoa ubao mmoja wa jahazi wakatia mwingine, na jahazi likabaki na jina lake. Tofauti ninayoikubali ni kwamba ufundi wa jahazi bado unarithishwa, ilhali wa bodi za zamani unaondoka na wazee waliozijenga. Kwangu hiyo ni sababu ya kuharakisha.

Kulirudisha barabarani libebe abiria, hapana. Basi lililojengwa kabla ya kanuni za usalama zilizoanza kutekelezwa 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo, halifai kukimbizwa na roho za watu ndani. Siku ya sherehe, polepole mjini, yatosha. Kuligeuza kibanda cha kahawa ni afadhali kuliko kuliyeyusha, ila wengi hukata ubavu wapate dirisha la kuuzia, na hapo wamekata kile kisichopatikana tena.

Mwenye basi moja na pesa kidogo aezeke banda kwanza. Kisha apige picha na kupima kila kiungo kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, na bati la zamani alihifadhi liwe kielelezo cha kukatia jipya. Injini ingoje.