"Haumi Huyo!"

Daktari aliniambia moyo unataka mazoezi, dakika 150 kwa wiki. Hakuniambia kama nitakuwa nafukuzwa.

Najikimbilia zangu taratibu, jasho ndiyo kwanza linaanza, mara nasikia kucha zinaparuza lami nyuma yangu. Kugeuka, meno! Na kule getini mwenye meno yake kasimama na kandambili, mkono kiunoni, wala hana haraka: "Usiogope, haumi huyo!"

Nani kakwambia? Mlikaa kikao? Na jina la huyo mbwa, eti Amani. "Amani! Rudi hapa, Amani!" Amani hana habari. Amani anataka ugoko wangu.

Wajuzi wanasema usikimbie, maana mbwa akiona kitu kinakimbia, uwindaji wa mababu zake unaamka. Simama, tulia, usimkazie macho. Ushauri mzuri, nimeusikiliza kwa makini, ila siku ya somo miguu haikuhudhuria. Ikishasikia "bwe!" tu, ni mguu niponye. Na unamkimbia nani? Usain Bolt, siku ile ya Berlin mwaka 2009 alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.58, alipochanganya kabisa alifika kama kilomita 44 kwa saa. Mbwa wa mbio, hao greyhound, wanakaribia 70, tena pekupeku. Sawa, Amani si wa mbio, ni koko tu mwenye sikio moja. Lakini mwenzake ni mimi, na kitambi hiki.

Nikahamia kwenye baiskeli. Nikasema sasa utanikoma. Kumbe ndiyo nimemchokoza! Gurudumu likizunguka anapagawa, na miguu yangu inapanda na kushuka mbele ya pua yake kana kwamba namchagulia kipande. Juzi nikapata akili, nikainua miguu yote miwili juu ya usukani. Akili gani hiyo? Ukiinua miguu, nani anakanyaga pedeli? Baiskeli ikaanza kupoa, ikapoa, Amani akawa ananisubiri kwa adabu.

Nikashuka, nikaiweka baiskeli katikati yetu kama ukuta. Akaacha kubweka. Akanusa tairi, akainua mguu, akalikojolea.

Mwenyewe ndiyo anafika, anacheka. "Si nilikwambia haumi?"

"Amechanjwa?"

"Atachanjwa."

Atachanjwa! Yaani jino likipita hapa, huyu anarudi ndani kulala, mimi ndiye wa kukimbilia sindano. Kichaa cha mbwa hakina mzaha, dalili zikishatokea ni kama umeshaaga. Na kabla ya sindano unatakiwa uoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima.

Kesho nakwenda kumwuliza daktari: hizo 15 zinahesabiwa kwenye zile 150?