Damu nyeupe ya samaki wa barafu: faida au ajali?

Maji ya bahari ya Antaktika yana chumvi, ndiyo maana hushuka hadi nyuzi joto 1.9 hivi chini ya sifuri kabla ya kuganda. Damu ya samaki wengi haina chumvi ya kiasi hicho. Yenyewe huanza kuganda kwenye nyuzi 0.7 hivi chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo, samaki wa huko wangekuwa mapande ya barafu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Arthur DeVries alipata jibu katika ghuba ya McMurdo: damu yao imejaa protini zenye sukari, ambazo hujibandika juu ya chembe za barafu na kuzizuia zisikue. Barafu yenyewe huingia mwilini, kwa maji yanayomezwa na kupitia matamvua. Ila haienei.

Kuhusu protini hizo hakuna mzozo mkubwa. Hata asili yake inajulikana: jeni yake ilichipuka kutoka kwenye jeni ya kimeng'enya cha kongosho kinachosaga chakula. Mzozo uko kwa ukoo mmoja wa samaki hao, wenye spishi 16 hivi, uitwao samaki wa barafu. Mwaka 1927, Mnorwe Ditlef Rustad alimvua mmoja karibu na kisiwa cha Bouvet akashangaa kuona damu isiyo na rangi. Mwenzake Johan Ruud alikuja kuchapisha maelezo mwaka 1954: damu hiyo haina hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Ukifunua shavu la samaki huyu, matamvua ambayo kwa samaki wengine ni mekundu, kwake yana weupe wa maziwa. Oksijeni anayobeba imeyeyuka tu ndani ya maji ya damu, na haifiki sehemu moja ya kumi ya ile inayobebwa na damu ya jamaa zake wekundu.

Je, kupoteza hemoglobini kulimsaidia? Wanaosema ndiyo wana hoja za kusikilizwa. Baridi huifanya damu kuwa nzito, na seli nyekundu huiongezea uzito huo. Ukiziondoa, damu hupita kwenye mishipa kwa wepesi. Maji baridi nayo hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, tena samaki huyu ni mtulivu, hakimbizi mawindo kutwa nzima. Wengine huongeza suala la chuma: Bahari ya Kusini ina uhaba wa madini hayo, na hemoglobini haitengenezwi bila chuma, hivyo kuiacha ni kubana matumizi.

Hoja ya chuma hainiridhishi. Jamaa zake wenye damu nyekundu wanaishi kwenye maji yaleyale, kwenye uhaba uleule, na hawajambo. Hoja ya wepesi wa damu ina nguvu zaidi, lakini nayo huyumba ukimpasua samaki mwenyewe na kutazama ndani. Moyo wake ni mkubwa kupita kiasi, mishipa yake ni mipana, na damu yake kwa ujazo hufikia hata mara nne ya ile ya samaki mwingine wa umbo lake. Damu ni nyepesi, sawa, lakini ni nyingi mno, na kuisukuma yote kunaula mwili nguvu. Huo ni mwili uliolazimika kuziba pengo.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi uko kwenye misuli ya moyo. Spishi 6 kati ya hizo zimepoteza pia mayoglobini, protini inayosaidia oksijeni kupenya kwenye msuli. Watafiti walichukua mioyo ya spishi zenye mayoglobini wakaizima protini hiyo kwa kemikali, na mioyo ikapungukiwa nguvu. Kwa hiyo mayoglobini ina kazi hata kwenye baridi ile, na bado spishi kadhaa zimeikosa, tena kwa mabadiliko ya jeni yaliyotokea mbalimbali. Ukiona kitu chenye manufaa kinapotea namna hiyo na mwenyewe haangamii, elewa kwamba mazingira yalikuwa mapole.

Hata hivyo, anayemwita samaki wa barafu kiumbe aliyeshindwa atakuwa na kazi ya kueleza Bahari ya Weddell. Mwaka 2021 meli ya utafiti ya Polarstern ilikuta huko uwanja wa viota vya spishi moja ya ukoo huu, na makadirio yakafika viota milioni 60.

Isitoshe, hata kinga inayosifiwa ina gharama. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba protini zinazozuia barafu kukua huizuia pia kuyeyuka, kiasi kwamba barafu inaweza kubaki mwilini hata maji yanapopata joto kidogo wakati wa kiangazi.

Kwa maoni yangu, basi, damu nyeupe ni hasara iliyovumilika kwa sababu ya baridi na wingi wa oksijeni. Masharti hayo mawili huenda pamoja: joto likipanda, oksijeni majini hupungua wakati huohuo mwili unapoihitaji zaidi. Majaribio ya kuyapasha maji yameonyesha samaki wa barafu wakizidiwa mapema kuliko jamaa zao wekundu, na wenye seli nyekundu nyingi ndio waliostahimili joto zaidi.