Kifuniko cha gari la wazi mpelekee mshona matanga

Pita mitaa ya Tanga asubuhi baada ya mvua ya usiku, utaona magari ya zamani yamefunikwa kwa turubai la plastiki, lile la buluu la kuanikia nafaka, limekazwa kwa mipira ya baiskeli. Wenyewe wanaamini wameyahifadhi. Niliamini hivyo hivyo kwa miaka miwili. Siku nilipoondoa turubai ili nimpeleke binti yangu Pangani, viti vilikuwa vimeota kuvu la kijani, na chini ya usukani maji yalikuwa yametuama ingawa juu hapakuwa na tundu hata moja.

Maji yale hayakutoka mbinguni. Mchana jua linachemsha ardhi iliyolowa, mvuke unapanda na kukwama chini ya plastiki. Usiku plastiki inapoa, mvuke unageuka matone, matone yanaangukia viti. Kila siku gari linanyeshewa mvua yake lenyewe, na kwetu pwani hewa yenyewe imebeba chumvi.

Gari langu ni Land Rover Series IIA ya mwaka 1966, ile fupi, taa zake za mbele bado ziko katikati kwenye wavu wala hazijahamia kwenye mabawa. Ni gari la wazi. Matao ya chuma ya kubebea turubai lake la asili yalipotea kabla halijafika mikononi mwangu. Watu huniambia nisihangaike, Land Rover ni alumini, haishiki kutu. Ni kweli nusu. Ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Pale alumini inapogusana na chuma, ukiweka unyevu wa chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe. Nimeukwangua kwa kisu kwenye gari langu, najua unavyotoka.

Kwa hiyo nasema wazi: gari la wazi linahitaji kitambaa kinachopumua, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kizito, gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Pamba ikilowa nyuzi zake zinavimba na kuziba nafasi kati yao, maji yanateleza juu. Jua likitoka nyuzi zinasinyaa, unyevu wa ndani unapata njia ya kutoka. Plastiki haina uwezo huo hata uinunue kwa bei gani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wapenzi wa magari ya kale. Wao wanaagiza vifuniko vilivyoshonwa tayari ng'ambo, au wanakwenda kwa fundi wa viti vya magari. Fundi wa viti ninamheshimu, ila kazi yake inakaa kivulini, ndani ya gari. Kifuniko kinaishi juani, mvuani na kwenye upepo. Huku kwetu wapo watu ambao tangu mababu wanashona pamba ya kukaa juani, mvuani na kwenye upepo. Ni washona matanga ya ngalawa na mashua.

Nilimpata mmoja Sahare, hapa hapa Tanga, mzee, amekaa chini ya mkungu na tanga limelala mapajani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Hakuuliza gari ni la aina gani. Aliuliza, "Linalala limeelekea wapi?" Nilipomwambia linaelekea baharini, akatikisa kichwa, kwa maana upepo wa kusi ungelipiga ubavuni miezi mingi ya mwaka. Swali hilo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza.

Alikuja nyumbani na kigozi chake cha kiganjani, cha kusukumia sindano, na sindano zake nene za pembe tatu. Kwanza alinituma nikanunue marekani ya bei rahisi ya kukatia kielelezo. (Jina la kitambaa hiki lina historia yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja kwa majahazi hadi watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka.) Tuliitandaza juu ya gari lenyewe, tukaibana kwa vibanio vya nguo, tukachora kwa chaki. Mimi nilitaka tupime ubavu mmoja kisha tuupindue tupate wa pili. Akakataa. Gari la miaka zaidi ya hamsini limegongwa, limenyooshwa, limechomelewa. Tulipopima pande zote mbili, ubavu wa kulia ulikuwa chini kwa karibu sentimita mbili. Kifuniko cha dukani kingeliacha upenyo upande mmoja na kuvuta mishono upande wa pili.

Kisha kitambaa chenyewe. Kabla ya mkasi kukigusa tulikilowesha usiku kucha kwenye pipa na kukianika siku mbili. Kipande cha mita tano kilirudi kwa zaidi ya shibiri moja. Ndugu msomaji, ukikata kabla ya kulowesha, mvua ya kwanza ndiyo itakayokupa vipimo vya kweli, na hapo umechelewa.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni maji kutuama. Gari lisilo na matao, ukilitandikia kitambaa kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, katikati panakuwa bakuli. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, na kilo hizo zikining'inia usiku kucha, pamba inanyooka, bakuli linazidi kina, na mwisho maji yanapenya pale pale. Kuongeza mvuto wa kamba hakusaidii, kunang'oa tu pete za kupitishia kamba. Mzee aliweka mti mmoja mwembamba wa mkoko kutoka juu ya kioo hadi nyuma, kama foromali, ule mti unaobeba tanga, iliyolazwa, akaufunga kitambaa laini kwenye ncha zote mbili. Kifuniko kikapata mgongo. Maji yakaanza kumwagika pembeni kama paa la makuti.

Mishono nayo aliifuata kwa fikra hiyo hiyo ya makuti. Mapande yanalaliana, la juu juu ya la chini, na mkunjo unaelekea chini ili maji yasipate mdomo wa kuingilia. Ni mshono wa kukunja mara mbili, kama wa mguu wa suruali ya jinzi. Mirefu tulishona kwa cherehani ya fundi jirani, hatua za milimita nne hadi tano. Hatua fupi zaidi zinaonekana nadhifu, lakini tundu za sindano zikikaribiana kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari. Pembe na mahali pa pete alishona kwa mkono, na ukingo wote akaupitishia kamba ndani kama anavyofanya kwenye tanga, ili mvuto ubebwe na kamba wala si kitambaa. Pete ni za shaba. Za chuma huku pwani zinaacha doa la kutu ndani ya masika moja, kisha zinakula pamba iliyo kando yake.

Kamba za kufungia nilitaka za mkonge, kwa kuwa niko Tanga na mkonge ndio uliotulea. Mzee alinionya, na nikamwelewa baadaye: mkonge ukilowa unafupika, unavuta pete usiku wakati umelala. Tukatumia kamba za pamba, tukaziachia nafasi kidogo, tukazipitisha kwenye ndoano ambazo Land Rover inazo tayari ubavuni. Hili la ndoano nalisisitiza. Nimeona watu wakitoboa bodi ya gari la kale ili wagonge vifungo vya kubonyeza. Kila tundu unalotoboa ni mlango wa chumvi. Msitoboe, tafadhali. Kama gari lako halina ndoano, pitisha kamba chini ya chesisi.

Wapo wanaopaka kitambaa chote nta. Nta ya nyuki tunayo nzuri, ya Tabora haina mfano. Ila kwa joto letu nta inalainika, inashika vumbi, na kitambaa kilichojaa nta hakipumui tena, yaani umejirudishia plastiki kwa gharama kubwa zaidi. Sisi tulipaka kwenye mishono tu. Rangi pia hatukuweka.

Nakubali kwamba vitambaa vipya vya akriliki vinavyopumua vinavumilia jua kuliko pamba, na pamba ukiikunja mbichi ukaiweka stoo itaanza kuoza wiki hiyo hiyo. Mwenye uwezo wa kuvipata avitumie. Lakini navyo apeleke kwa mshona matanga, akate juu ya gari, apime pande zote mbili.

Masika yamepita. Juzi nilifungua kifuniko, nikapitisha kiganja juu ya kiti cha dereva, pakavu. Pembe ya kushoto, karibu na gurudumu la akiba, kusi imeshaanza kuisugua kwenye rangi ya gari. Kipande cha flaneli nimeshanunua, na Jumamosi napita Sahare.