Hiyo weji ya digrii 60 unaibebea nini?

Niseme mapema tusipotezeane muda: wengi wetu tunaocheza gofu hapa Uganda kwa hendikapu (yale mapigo ya ziada anayopewa mchezaji) ya 18 kwenda juu tunabeba weji, zile fimbo fupi za uso uliolala zinazotajwa kwa digrii za mlalo huo, ambazo hatuna kazi nazo, na ile moja tunayoihitaji hatuna. Nimechungulia mabegi ya watu pale uwanja wa Kitante, Kampala, nimechungulia Entebbe, nimechungulia ya washikaji wangu wa nyumbani Tororo, stori ni ile ile. Mtu ana seti ya ayoni (zile fimbo za chuma zenye namba, namba ikipanda umbali unapungua) inang'aa, alafu pembeni kaweka sandi weji ya 56 na lobu weji ya 60 kwa sababu kuna siku aliona jamaa kwenye TV anarusha mpira juu kama anageuza chapati, ukatua pale pale ukakaa. Kati ya pichingi weji (ile inayokuja mwisho wa seti ya ayoni) na hiyo 56, patupu. Hapo ndipo anapoachia pointi zake zote kila Jumamosi na hajui.

Na mimi nilikuwa mmoja wao kwa hiyo simcheki mtu.

Nilianza gofu na ayoni za Ping Eye2, zile za miaka ya 80, niliuziwa na mzee mmoja aliyeachana na mchezo kwa sababu ya mgongo. Pichingi weji yake ilikuwa na lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya digrii kama 50 hivi. Fimbo tamu ile, banange. Nikiipiga vizuri mpira unaenda yadi 100, siku nimelala vizuri 105, na chini yake nilikuwa na 56 ya kutokea kwenye bunka (shimo la mchanga) na kuchezea karibu na grini, zile nyasi fupi zenye bendera. Sikujua lofti ni nini na sikuwa na haja ya kujua, vitu vilikuwa vimejipanga vyenyewe.

Alafu nikapata seti ya kisasa, mitumba lakini safi, ayoni 4 hadi pichingi weji, yule aliyeniuzia akaniambia hizi zitakuongezea yadi 15 kwa kila fimbo na kweli hakunidanganya. Ayoni 7 ikaanza kwenda mahali ambapo zamani nilikuwa napeleka 5. Wiki tatu hivi nilitembea kifua mbele, kila mtu kantini alisikia habari za ayoni 7 yangu, hata ambao hawachezi gofu. Ya nne ndiyo nikaanza kuona kitu hakiko sawa.

Si mnaujua ule mkondo wa maji unaokatiza uwanja wa Kitante. Nimesimama yadi 100 kamili kutoka kwenye bendera, mkondo uko mbele yangu, boda zinapiga honi kule Yusuf Lule Road, natoa pichingi weji mpya. Lakini pichingi weji mpya inaenda 125! Basi nikajaribu kuipiga nusu nusu, ile swingi ya mtu anayeogopa, mpira ukatoka chini chini ukapita grini yote ukaingia vichakani. Jumamosi iliyofuata, karibu na pale pale, nikasema leo natumia 56 na naipiga kwa nguvu zote za ukoo. Maji. Nikageuka nimwangalie kedi wangu anayenibebea begi, kijana mtaratibu sana hata hasemi mpaka umuulize, akasema, "Mzee, hapa huna fimbo."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikapeleka seti kwa fundi mwenye kile kimashine cha kupimia lofti, pichingi weji ikasoma 43. Toa 43 kwenye 56 unabaki na 13. Digrii kumi na tatu! Kwa wachezaji wa aina yetu digrii nne za lofti ni kama yadi 10 au 12 za mpira, hesabu mwenyewe hilo shimo lina ukubwa gani. Kijana alikuwa ameniambia ukweli mtupu, kuanzia yadi 85 hadi 120 nilikuwa sina fimbo kabisa, natembea na begi la fimbo nyingi lakini kwa umbali ule ni kama nimekuja na mwavuli.

Kwa hiyo hii kitu ya herufi P iliyoandikwa chini ya fimbo isikudanganye. Hiyo ni jina tu, siyo kipimo. 43 yangu, ukiilinganisha na seti za zamani, iko kati ya ayoni 8 na 9, wameibatiza tu. Ping hao hao walionipa 50 kwenye Eye2, ukienda kwenye seti yao ya G430 pichingi weji ni 41. Na siyo wao peke yao, kampuni karibu zote zimeenda njia hiyo kwenye ayoni zinazotengenezwa kwa ajili yetu sisi tusiopiga katikati ya fimbo kila siku. Watu wanasema ni wizi wa maneno ili ayoni 7 ionekane inaenda mbali, na kusema kweli hilo lipo, lakini kuna sababu ya kiufundi pia: hizi fimbo za kisasa uzito wake umeshushwa chini na kusukumwa nyuma, mpira unapanda wenyewe kwa urahisi, sasa wasipopunguza lofti utapanda mpaka uguse kunguru. Mimi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba mtu ananunua ayoni za karne hii alafu anachagua weji kwa hesabu za babu yake.

Hesabu yenyewe mbona ni rahisi. Jua lofti ya pichingi weji yako (ipime, au itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, lofti huwa wanaziandika), alafu kutoka hapo ongeza kwa hatua za digrii nne hadi sita. Mwenye 46 anaenda 51 na 56, amemaliza. Mwenye 43 kama mimi anaenda 48, 53, 58, au kama mfuko haujakaa vizuri anachukua 49 na 55 na maisha yanaendelea. Mimi nilifanya hiyo ya pili. Ile 56 yangu ilikunjwa ikawa 55, nikatafuta ya 49, basi. Ila ukikunja ujue kwamba kila digrii unayoitoa kwenye lofti inatoka na kwenye baunsi pia, na kama fimbo ni ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, siyo cha kufuliwa, usimruhusu fundi aikunje sana, inaweza kukatika shingo mkononi mwake na hapo mtaanza kutafutana.

Mtu ataniuliza, sasa hiyo fimbo ya ziada nitaiweka wapi na sheria inasema fimbo 14 tu? Toa ayoni 4. Nasema hivi bila huruma. Kwenye seti hizi mpya ayoni 4 ina lofti ya 20 au chini ya hapo, hiyo ni fimbo ya watu wenye swingi ya kasi, wewe na mimi tunaibeba ili begi lionekane limejaa. Mara ya mwisho uliipiga vizuri lini? Sawa, itoe.

Kuhusu hiyo fimbo ya kuziba pengo kati ya pichingi na sandi, yaani gepu weji, mimi naona chukua ile iliyotoka pamoja na seti yako kama inapatikana, usikimbilie Vokey, zile weji zenye jina, kwa sababu kila mtu ana Vokey. Fimbo ya 48 au 49 utaipiga swingi kamili mara nyingi kuliko utakavyoichezea mbwembwe karibu na grini, kazi yake ni ya ayoni, acha basi ifanane na ayoni: shafti (mpini) ile ile, uzito ule ule, ukikosea ukapiga pembeni isikuadhibu sana. Kuna jamaa tunacheza naye ana ayoni za shafti ya grafaiti, nyepesi kama fimbo ya mwanzi, alafu weji zake zote ni za chuma kizito, kila akibadilisha anapiga ardhi kwanza, anaulaumu mgongo. Siyo mgongo ssebo. Sandi weji ndiyo unaweza kwenda kununua ya kipekee, ile iwe ya ladha yako.

Sasa tuje kwenye baunsi, hapa ndipo ningependa watu wanisikilize maana intaneti inatupoteza. Baunsi ni vile tumbo la fimbo linavyoning'inia chini kuliko ule ukingo wa mbele. Mmarekani Gene Sarazen ndiye anayetajwa kuileta hii akili, alikuwa anaongezea madini ya risasi chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, wazo alisema alilipata kwa kuangalia mkia wa eropleni, na mwaka 1932 akaenda nayo kwenye Open ya Uingereza kule Prince's akashinda. Fikiria mtumbwi wa kule ziwani na jembe. Baunsi kubwa, 12 au 14, ni mtumbwi, unateleza juu ya mchanga na udongo laini. Baunsi ndogo, 4 au 6, ni jembe, linakata na kuingia. Mtu wa kwenye video anakwambia wachezaji wazuri wanapenda baunsi ndogo, yeye anacheza kwenye nyasi zilizonyolewa kama zulia juu ya ardhi ngumu. Wewe uko Kampala mwezi wa nne, imenyesha tangu alfajiri, udongo mwekundu umelowa kama uji, unaingiza jembe lako la baunsi 6 unatoa bonge la kupanda mihogo na mpira umesogea futi mbili.

Ni kweli Januari na Februari ardhi inakauka inakuwa kama barabara ya marramu na hapo mtumbwi unadunda, unapiga mpira tumboni. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: sandi weji iwe na baunsi ya 12 au zaidi kwa sababu bunka na mvua ndizo zinatuua, na ile gepu weji iwe na baunsi ya katikati, 8 hivi, hiyo ndiyo nitachezea pembeni ya grini ardhi ikiwa imekauka. Fimbo mbili, misimu miwili, imetosha. Jinja mambo mengine, kule viboko wakitoka majini wanaacha nyayo uwanjani na ukikuta mpira wako ndani ya unyayo unaruhusiwa kuutoa bila adhabu, hakuna kampuni iliyotengeneza baunsi ya kiboko.

Kingine, zile chati za umbali za Wamarekani msizifuate kama amri. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, mpira unaenda mbele kidogo kuliko kule pwani. Ukitoka hapa ukaenda kucheza Mombasa utashangaa umepungukiwa, usidhani umezeeka. Nenda na mipira 20 jioni, piga kila weji, tembea hatua, andika kwenye simu. Mimi nilifanya hivyo na kijana wangu yule yule wa kubeba begi, yeye amesimama kule mbele anainua mkono mpira unapotua, nusu saa tulikuwa tumemaliza.

Na kama unanunua mitumba, kama wengi wetu tunavyofanya maana mpya bei yake inakaribia fees za mtoto, pitisha kucha kwenye mifereji ya uso wa fimbo. Kucha ikikwama kidogo, sawa. Ikiteleza kama umepitisha kwenye kijiko, hiyo weji imekula mchanga miaka mingi na asubuhi yenye umande mpira utateleza usoni mwake, utatua na kukimbia mpaka ng'ambo ya grini. Ayoni ikichakaa hivyo unaweza kuvumilia, sandi weji hapana.

Tubaki na 60 sasa. Najua nitatukanwa. Tom Kite aliibeba miaka ya 80 ikapata jina, Phil Mickelson amebeba mpaka 64, sawa, hao wanapiga mipira mingi kwa siku moja kuliko wewe kwa mwezi. Lofti kubwa hivyo ukikosea kidogo tu mpira unapanda juu unashuka mbele ya viatu vyako, au unapigwa na ukingo unaruka kama risasi kwa watu walioko shimo linalofuata. Mara ngapi kwa raundi unahitaji kuurusha mpira juu ya bunka kwenye bendera iliyobanwa pembeni? Mara moja? Hiyo mara moja ipeleke katikati ya grini, piga pata (ule msukumo wa kuingiza mpira shimoni) mara mbili, nenda zako. Hiyo nafasi kwenye begi mpe fimbo ya yadi 100, kwa sababu yadi 100 utasimama mara tano au sita kabla hujafika kantini.

Yangu niliitoa, iko kwenye buti la gari imefungwa na taulo, mifereji bado inakwaruza kucha. Anayeitaka anitafute Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, lakini aje na pichingi weji yake, nitataka kuipima kwanza.